Sekunde Mbili

Asubuhi linawaka. Hilo ndilo linaloniudhi.
Saa kumi na mbili, Mpunguzi ikiwa bado na ubaridi wa kuazima,
nazungusha ufunguo na Korola inaitika
kabla sijamaliza kuiomba.

Ni saa saba, mjini,
jua limekaa juu ya boneti kama mdai,
ndipo linaponikana.
Nimesimama Majengo dakika kumi tu, kuulizia bei.
Narudi: stata inazunguka kwa nguvu zote,
injini haishiki.
Nyuma, trei kumi na nane za zabibu zinatoa jasho.
Nyigu wamefika kabla ya fundi.

Fundi wa kwanza alisema betri. Nikanunua betri.
Wa pili alisema plagi. Nikanunua plagi nne.
Wa tatu hakusema kitu, aliishusha stata,
akaipuliza, akairudisha, akataja bei.
Shemeji yangu Mazoya akasema kuna mkono wa mtu.
Mtu gani huyo, nikamuuliza,
anayeroga saa saba mchana
na alfajiri anapumzika?

Tena likifika gereji haligomi.
Linawaka kama gari la harusi.
Linanifanya mwongo mbele za watu.

Basi nikajitafutia dawa:
nashusha trei zote, nainua kiti cha nyuma,
navua kandambili,
nauchapa mfuniko wa tangi mara tatu.
Linawaka!
Mwaka mzima nimeishi kwa imani ya kandambili.

Nyemo wa Kizota, ovaroli yake ina jina la mtu mwingine kifuani,
hakufungua hata boneti.
Alisema, liache juani, funga vioo.
Nikamtazama.
Saa nzima tukakaa kivulini tukilitazama gari likiiva.

Kisha: "Usiwashe. Zungusha nusu, halafu nyamaza."

Nikasikia redio ya jirani,
mchomeaji akikata nondo,
kuku mmoja mwenye malalamiko.
Chini ya hayo yote, hakuna kitu.

"Asubuhi huwa inalia?"
Inalia nini?
"Pampu. Ukifika nusu inavuta pumzi, mmm,
sekunde mbili, halafu inakungoja."

Miaka sita na gari hili.
Sikujua kwamba huwa linanisalimu.

Nikainama kuvua kandambili. Akanishika mkono.
Akachukua balbu ya indiketa yenye nyaya mbili,
akaigusisha kwenye soketi ya pampu,
akaniambia nizungushe.
Balbu ikabaki kipofu.
"Umeme haufiki. Pampu haina kosa, mama.
Ina njaa, nawe unaipiga."

Mbona nikiipiga inaamka?

"Trei kumi na nane unazishusha kwa muda gani?"
Dakika ishirini.
"Milango wazi?"
Wazi.
Hakuongeza neno.
Upepo wa Dodoma ukapita katikati yetu, na vumbi lake,
nami nikaelewa ni nani aliyekuwa akinisaidia siku zote hizo.

Alilala chali chini ya dashibodi, miguu nje,
akachomoa kisanduku cheusi, kidogo kuliko kiberiti.
Rilei.
Akakifumbua kwa bisibisi, akanipa nitazame kwenye mwanga:
palipo na lehemu, ufa wa duara,
mwembamba kama unywele wa mtoto.
Kikipoa, unafumba.
Kikipata joto, unaachia.
Hapakuwa na mkono wa mtu. Palikuwa na joto tu.

Tone moja la lehemu. Kamoshi kadogo, kakali.
Elfu nane.
Sikutaka kukumbuka bei ya betri.

Siku hizi nafika nusu na kusimama.
Mmm.
Nasubiri inyamaze, ndipo naendelea.
Mazoya anasema nimeanza kusali kwenye gari.

Jana niliinua kiti kutafuta sarafu iliyodondoka.
Juu ya mfuniko wa tangi, kwenye vumbi,
alama za soli yangu bado zipo, moja juu ya nyingine.
Kitambaa kilikuwa mkononi.
Sikuzifuta.